Mstari wa Sita

"Saini tu, shemeji, kusoma utasoma hata kesho," alisema Kitwana, akimsukumia Siwema kalamu kama mtu anayefukuza kuku.

Kioo cha kompyuta ya marehemu, mume wa Siwema, kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo Kitwana aliichomeka kwenye runinga ili ukoo wote uuone muhtasari wa kikao. Lakini runinga ile ilikuwa na ulafi wake: kila picha ya kompyuta iliimeza kingo. Maazimio yaliishia namba tano, na chini yake vikachungulia vichwa vya herufi, kama watoto waliojificha nyuma ya pazia.

"Namba sita inasemaje?" aliuliza Siwema.

"Hakuna sita. Tangu lini wewe ukajua kuhesabu?"

Mawifi wakacheka hadi kanga zikawadondoka mabegani.

Kila Jumamosi marehemu alikuwa akiichomeka kompyuta hivyo hivyo, na kila Jumamosi Siwema ndiye aliyemrekebishia picha. Akachukua rimoti.

"Weka chini, utaiharibu runinga!"

"Niliinunua kwa vitumbua vyangu, shemeji. Nikiiharibu, nitalia mwenyewe."

Akaingia kwenye mipangilio ya picha, akachagua ukubwa kamili. Ukurasa ukanywea, kingo zikarudi, na mstari wa sita ukasimama wazi mbele ya wote: "Mjane ataondoka leo na nguo na godoro lake."

Kicheko kikakatika. Siwema akaifunika kalamu, akaichomeka kwenye nywele zake, kisha akaketi, rimoti mapajani.

Mlangoni, godoro lake lilikuwa limeshakunjwa na kufungwa kamba.