Nyumba Isiyopiga Vigelegele

Chembe ya barafu iliyopandikizwa moyoni mwa Bi Mgeni ili kutuliza mapigo yake hailali. Moyo ukianza kwenda mbio, inaugandisha pale pale ilipoanzia vurugu, na nyama ikishaganda haiamki tena. Ndiyo maana sheria inakataza kuwashtua watu wa barafu, wenye chembe kama yake. Habari zote, njema na mbaya, huwafikia kwa sauti ile ile ya taratibu, kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

Leo binti yake, Salha, anajifungua chumbani. Mlango wameuziba kwa godoro ili mama asisikie uchungu wa mwanawe, na wanawake wote wameapa kwamba hakuna atakayepiga kigelegele.

Bi Mgeni amekaa sebuleni, tasbihi mkononi. Zamani angehesabu vigelegele akajua ni wa kike au wa kiume. Sasa hajui hata kama kuna mtoto. Anajikataza kuogopa, na kule kujikataza ndiko kunakozidi kumtia hofu. Kifua kimeanza kupoa, kana kwamba amemeza kijiko cha chuma.

Godoro likasogezwa. Akatoka wifi yake, Chausiku, mikono imeoshwa, uso hauna chozi wala tabasamu.

"Wifi, wazima?" akauliza Bi Mgeni.

Chausiku akaketi karibu, akamshika bega.

"Piga kigelegele, Chausiku. Au piga yowe. Lolote, nakuomba, bora nife nikijua!"

"Vuta pumzi kwanza, wifi yangu," akasema Chausiku taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Baridi ikaanza kutambaa.