Ng'ombe wa Fundi Betri

"Ng'ombe mwenye afya kama huyu humpati popote," alisema Fundi Betri, na Malkia akaenda moja kwa moja akagonga ukuta.

Daktari wa mifugo, binti mwembamba mwenye buti kubwa, alimtazama ng'ombe, akautazama ukuta.

"Haoni?"

"Anaona. Anajikuna tu."

"Na huko kusaga meno?"

"Anawaza."

Malkia alizoea kula majani nyuma ya karakana, palepale Fundi alipokuwa akimwaga uchafu wa betri za magari.

Daktari hakuzunguka. "Mzee, napima risasi, hii inayotoka kwenye betri. Ikizidi kwenye damu, ng'ombe anauawa na kufukiwa. Hata ulimi hamuonji."

Nyumba nzima iliishi kwa maziwa ya Malkia.

Daktari alitoa damu shingoni mwa ng'ombe, akaweka kichupa kwenye sanduku la barafu, akaenda mbele ya nyumba kunawa.

Hapo Fundi akawa mwepesi kama mwizi wa kuku. Bomba la sindano alikuwa nalo, maana dawa za Malkia alimdunga mwenyewe. Damu ya Malkia akaimwaga kwenye majani. Damu safi alijua ilipo. Ng'ambo ya ua mbuzi wa jirani alikuwa akicheua, mnene, hana habari na mtu.

Daktari aliporudi, kichupa kilikuwa mahali pake, kimejaa, na Fundi alikuwa anapiga mluzi huku akifunga kishikizo cha mkono wa shati.

"Majibu yakija utaniomba radhi, binti yangu."

Wiki iliyofuata daktari aliyaleta mwenyewe. Alimkuta Fundi kasimama uani, mkewe anaanua nguo, Malkia pua ukutani.

"Shikamoo, mzee. Tangu nianze kazi sijaona risasi nyingi namna hii. Mwenye damu hii sijui hata anasimamaje."

Fundi akakaa.

"Maini yatakuwa yameoza. Hebu niambie, mnyama huyu anakula wapi hasa?"

Fundi akavuta mkono wa shati hadi kiganjani.

"Nilikuwa dirishani siku ile," mkewe alisema, shati la mumewe mkononi. "Nilimwona akijitoa damu. Mnyama wako anakula mezani, daktari. Mimi ndiye ninayempakulia."