Nungunungu na Shimo la Mhanga

Alikuwepo Nungunungu mmoja, mwangalifu wa kupindukia. Wakati wa kiangazi, Mhanga, mchimbaji, alimwonyesha shimo la kuuza.

"Tulichukue, mume wangu," alisema mkewe, aliyekuwa mjamzito. "Nimechoka kulala nje."

"Nyumba hukaguliwa masika, ndipo ujue kama inavuja."

Masika ilipoingia, alilikagua shimo akalikuta kavu. "Lakini sasa kila mtu anakimbia mvua, bei iko juu. Kiangazi Mhanga atashusha mwenyewe."

Mkewe alijifungua matopeni. Akamzika mtoto, akaondoka. Nungunungu alilia, kisha akaendelea kusubiri.

Kiangazi kiliporudi, Mhanga alimwambia, "Nilishamuuzia Ngiri. Alikuja amelowa, hakuuliza majira."

Nungunungu akaenda kupiga hodi, labda Ngiri atamuuzia. Aliyeitikia ndani alikuwa mkewe.

"Usihangaike kukagua," alisema. "Masika yote iliyobaki hatukuvujiwa."