Soksi za Kilema wa Kivukoni

Mahala aligeuka mjane kando ya njia, kichwani akiwa na kofia mpya aliyoitunza tangu Missouri ili mumewe awe wa kwanza kuiona. Msafara wake wa magari ya ng'ombe ulikuwa umeshapita makaburi mengi, marundo ya mawe tu, bila mtu kushuka garini. Rundo hili lilikuwa na ubao, na ubao ulikuwa na jina: Orrin Tackett.

Lyman Goff alimkuta amepiga magoti hapo. Alitokea magharibi akiongoza nyumbu wawili, beleshi limefungwa juu ya tandiko, kwa sababu Orrin, aliyetangulia kwenda huko, alikuwa amemsihi aje ampokee mkewe na kumvusha milima. Wote watatu walikulia kijiji kimoja. Kabla Orrin hajamposa Mahala, Lyman alikuwa ameshampenda, akanyamaza, na kunyamaza kukawa tabia yake.

"Mwandiko huu ni wako," Mahala alisema bila kugeuka.

"Ni wangu."

"Aliteseka?"

Lyman aliutazama mgongo wake ukitetemeka. Akalitazama beleshi. Kisha akajibu.

"Hapana. Kipindupindu hakikumchelewesha."

Basi ikawa hivyo. Mahala alikataa kwenda mbele, akakataa kurudi nyuma. Alisema atakaa pale alipo mumewe. Lyman akasema naye basi atakaa. Wakajenga kibanda cha magogo katika bonde la Grande Ronde, chini ya Milima ya Buluu, wakati ambapo moshi wa jirani ulikuwa bado ni habari ya kuzungumzwa mezani. Mwaka uliofuata mhubiri alipita na farasi wake, akawafungisha ndoa.

Alikuwa mume mwema. Kila mtu alisema hivyo. Aliwasha jiko kabla mkewe hajaamka, hakupandisha sauti hata siku moja, na kila aliposhukuriwa aliondoka kwenda zizini. Mahala alidhani ni msiba wa rafiki haujamtoka. "Umemlilia Orrin kuliko nilivyomlilia mimi," alimwambia wakati fulani wakila. Lyman aliiacha sahani yake kama ilivyokuwa.

Kila vuli, msafara wa mwisho ulipoelekea milimani, Lyman alituma gunia la viazi kwa kilema mmoja aliyekaa kwenye kivuko cha mto, ng'ambo ya milima. Gurudumu la gari lilimponda mguu, alieleza, ukakatwa, na tangu hapo hawezi safari. Mahala hakuwahi kumwona mtu huyo. Hata hivyo alimfumia soksi za sufu, kila mwaka jozi moja.

Jirani mmoja alimcheka. Jozi nzima kwa mguu mmoja?

"Ikitoboka moja, atavaa nyingine," Mahala alijibu. "Wewe mwenye miguu miwili mbona soksi zako zote zimetoboka?"

Bonde lilijaa watu. Mashamba yakahitaji maji, wakakubaliana kuchimba mfereji, na mfereji ungepita juu ya yale mawe hasa. Mahala akasema Orrin hatalala chini ya maji. Ahamishiwe penye kanisa jipya la mbao, na jina lake lisomwe mbele ya watu. Wanaume wakaahidi kuja na mabeleshi wakimaliza kuvuna.

Kahawa ilimmwagikia Lyman mkononi, asihisi.

"Niachieni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyelifukia kaburi lile. Na ugonjwa ule hauchezewi."

Hakuna aliyebisha. Alikwenda peke yake asubuhi na gari la ng'ombe, akarudi na sanduku lililopigiliwa misumari pande zote. Wanaume wanne walipolinyanyua, walitweta.

Mzee Haskell, mswagaji wa zamani wa ng'ombe wa misafara ambaye mdomo wake haukujua msiba wala harusi, akasema huyo marehemu ana uzito wa kuonea watu. Njiani, alisema, ng'ombe walipochoka, yeye aliwahi kufukia jembe lake la chuma na fuawe la kuhunzia, akaviwekea msalaba na zaburi juu, maana hakuna mwizi anayefukua maiti ya kipindupindu. Mkewe akamkanyaga mguu. Watu wakainamisha vichwa.

Mahala peke yake ndiye aliyecheka, machozi yakimtiririka. "Mwacheni mzee wa watu," alisema. "Orrin angelipenda hilo."

Lyman alifungua mdomo. Mbele yake palikuwa na mhubiri, majirani, na shimo jipya. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Ndipo Mahala alipoushika mkono wake, watu wote wakiona, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Mungu alichukua mume wake mmoja mwema, akampa mwingine.

Akaufunga mdomo. Wakalifukia sanduku.

Kesho yake msafara wa mwisho ukapita. Lyman alibeba gunia la viazi hadi njiani, soksi za kijivu zimekunjwa juu yake. Kiongozi wa magari alikuwa mgeni. Alitaka jina la huyo kilema, maana vivuko ni vingi, na njia hii haikuwa na uhaba wa vilema.

Lyman aligeuka kutazama nyumbani. Mahala alikuwa ameketi mlangoni, mbali, hawezi kusikia.

"Orrin Tackett," alisema. "Huwezi kumkosa. Kila gari likishuka mtoni, yuko pale anatazama sura za wanawake. Mwambie Lyman ameyakagua magari yote mwaka huu pia. Mkewe bado hajapita."

Magari yakaanza kupanda mlima. Mlangoni, Mahala alikuwa ameshaanza jozi ya mwaka ujao.