Mgonga Dari

Ko, ko, ko.

Mkaguzi alinyanyuka kwenye kochi, akapiga sakafu kwa kisigino kwa nguvu zake zote. "Umesikia, fundi? Umesikia mwenyewe? Siyo kwamba naota!"

Fundi wa redio, aliyekuwa amelala kifudifudi nyuma ya televisheni akichomeka nyaya, aliinua kichwa. Alikuwa amesikia. Sinema waliyowasha kwa majaribio ilikuwa imefika mahali watu wanaponong'ona, na katika utulivu ule ndipo sakafu ikagongwa, kwa mlio mkavu kabisa.

"Ni yule mshonaji wa chini," Mkaguzi alisema. "Ana mpini wa fagio, anagonga dari yake kila nikiwasha sinema. Mwaka mzima! Safari hii atajua hajui."

"Sakafu za zege zinasafirisha sauti, bosi. Inaweza kuwa inatoka popote."

"Popote wapi? Nimekuita ufunge amplifaya, sikukuita uchunguze majirani."

Fundi alirudi kwenye nyaya zake. Risiva ya zamani, alieleza, ilikuwa ikibeba spika zote peke yake, ndiyo maana ikipandishwa sauti ilichemka na kuanza kukoroma. Sasa ingebaki kuongoza sauti tu, na mzigo wa zile spika mbili kubwa za mbele ungebebwa na amplifaya mpya, pande la chuma walilolipandisha ngazi wakihema. Mkaguzi hakuyataka maelezo. Alitaka kujua jambo moja: dari ya chini itatikisika?

"Itatikisika," fundi alikiri.

"Basi funga."

Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kupima mizani za madukani, na hakuna muuza sukari aliyewahi kumchezea. Hiyo tabia ya kutodanganyika alirudi nayo nyumbani kila jioni, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekosea.

Mkewe alitokea jikoni akifuta mikono kwenye aproni. "Baba watoto, punguza kidogo. Labda mama wa watu kichwa kinamuuma."

"Kimuume hadi kipasuke."

Mkewe akarudi jikoni. Sinema hakuzipenda. Zikianza tu, yeye alishika dekio, na Mkaguzi aliwatania wageni kwamba jiko lake linadekiwa kuliko wodi.

Kabla ya hapo mwenye nyumba alikuwa amewaita Mkaguzi na mshonaji. Mshonaji, mjane aliyeishi pale kabla ya wapangaji wengine wote, aliapa kwamba hajawahi kugonga. "Mimi nikiwa na neno na wewe, kaka, nitapanda ngazi nikugongee mlango. Dari nitaigongea nini?"

Mwenye nyumba alikuwa amechoka. "Sitaki kesi nyingine. Mkishindwa kuelewana, mmoja wenu atahama."

Mkaguzi alitoka pale akiwa ameshaamua atakayehama ni nani.

Na amplifaya ilifanya kazi. Mteja akija kupimwa gauni chini, juu mabomu yalilipuka. Glasi zilitembea kabatini. Ko, ko, ko haikukoma, bali ilizidi, na kila ilipogongwa Mkaguzi alipandisha sauti tena, roho ikimsuuzika. Alimchukia yule mwanamke kwa raha kabisa, kama mtu anayejikuna upele.

Siku moja mshonaji alipanda ngazi, akapiga hodi kama alivyokuwa amesema. Macho yalikuwa mekundu. Wateja wamenikimbia, alisema, sindano hazikai mkononi, na hapa ndipo nilipozoea, sina pengine.

"Acha kugonga, nami nitapunguza," Mkaguzi alisema, mlango kaushikilia nusu.

"Sijawahi kugonga."

"Basi nami sijawahi kupandisha."

Mwisho wa mwezi pikapu ilikuja. Aliyemsaidia mshonaji kubeba cherehani alikuwa mke wa Mkaguzi, tena akilia njia nzima, analia kumshinda anayehama. Mkaguzi aliwaangalia kutoka dirishani, akaona haya kwa niaba yake. Mwanamke gani anamlilia adui wa mumewe?

Jumamosi mchana aliketi mbele ya spika zake, mfalme wa jengo zima.

"Njoo ukae, mama watoto. Leo tuangalie sinema kwa raha zetu."

Mkewe alisimama mlangoni. "Kwa hiyo ameondoka kweli? Chini hakuna mtu?"

"Hata panya hayupo. Mlango uko wazi, wanasubiri fundi wa rangi."

"Na wewe una hakika kwamba hakuna mtu."

"Nimekagua mwenyewe!"

"Sawa," mkewe alisema. Akaingia jikoni na kufunga mlango.

Sinema ilinguruma, magari yakagongana, halafu ikafika mahali pa kunong'ona.

Ko, ko, ko.

Mkaguzi alipandwa na mori. Amerudi! Alishuka ngazi mbio, kandambili moja ikibaki njiani, akausukuma mlango wa chini. Sebuleni palikuwa na vipande vya uzi tu, na alama za miguu ya cherehani sakafuni. Alikagua chumbani. Alikagua chooni. Alikagua mpaka nyuma ya milango, kisha akaingia jikoni, akasimama katikati akihema. Hakukuwa na mtu.

Ko, ko, ko.

Chokaa kidogo ilimdondokea usoni. Mkaguzi aliinua macho kwenye dari, na juu ya dari ile palikuwa jikoni kwake.