Pete za Shaba Kichwani mwa Mama

"Usitikisike, mama!" Huzaifa alipiga ukelele, maana mshale wa mita ulikuwa umeanguka chini kabisa.

Zile pete mbili za shaba alizomvika mamake kichwani zilikuwa za mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Kazi yao ni kukisikiliza kichwa, lakini tangu aje nazo likizo hapa nyumbani kwa mama, Kuze, zilikuwa zikisikilizana zenyewe kwa zenyewe. Kama angerudi kazini Ulaya bila kuzinyamazisha, muundo alioubuni ungetupwa.

Huzaifa siku zote alizitenganisha, akidhani zikiwa mbalimbali zitanyamaza. Mama, kwa kuchoshwa na kitu kisichokaa kichwani, alikuwa amezivuta zikaze kama kofia, na pete moja ikapanda kidogo juu ya mwenziwe. Papo hapo zikanyamaza, na ndipo mshale ulipoanguka.

"Sasa nshakuwa redio?" mama akauliza.

"Zaidi ya redio, mamangu. Alhamdulillahi! Kaa hivyo hivyo nipime zilivyopandana."

Harufu ya wali unaoungua ikaingia kutoka jikoni. Huzaifa akainua macho. Mama, ambaye hajapata kuunguza hata sufuria moja, alikuwa ametulia tuli, jasho likimtiririka shavuni.

"Pima, mwanangu," akasema. "Pima vizuri."