Miungu Wasio na Adabu

Mungu wa bahari alikuwa ameshawameza watoto wake watatu, wazima wazima kama vidonge, na ndiyo kwanza ukurasa wa kumi na mbili.

"Hakifai," alisema Jaji, mkono mmoja ukikoroga sufuria, wa pili umeshika kitabu cha riwaya. "Hakimfai kabisa."

"Lakini si atawatapika?" aliuliza Wakili, aliyekuwa anapanga sahani mezani.

"Anawatapika ukurasa wa tisini. Mpaka afike huko, mtu wetu atakuwa ameshazimia."

Jaji na Wakili: ndivyo walivyoitwa pale nyumbani, kwa kupenda kwao ubishi. Sheria yao ilikuwa moja. Hakuna kitabu cha miungu na mazimwi kinachofika mikononi mwa yule aliyemo chumbani kabla wao hawajakisoma. Si ukatili. Yule alikuwa na moyo wa siagi. Alichokisoma alikiamini, na alichokiamini alikiona kila penye kiza.

"Umesahau ya mwezi uliopita?" Jaji akapunguza moto. "Paka karuka ukuta, yeye akapiga ukunga: 'Malkia wa kuzimu huyo!' Wenzake wakaja mbio, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Barua ya onyo tunayo. Akirudia, wanamfukuza. Tutafanyaje hapo?"

Wakili akakumbuka kazi yake ya kutetea.

"Na tukimnyima kitabu, atasinzia. Wakimkuta amesinzia, si watamfukuza vilevile?"

Ilikuwa kweli tupu: bila hadithi ya kumshika, yule aliweza kukoroma hata amesimama.

Jaji akafunua kurasa, akitafuta pa kutokea.

"Huyu wa radi kamuoa shangazi yake."

"Shangazi wa damu?"

"Wa damu. Kwa hiyo bibi yake ndiye mama mkwe."

"Sasa harusini bibi alikaa upande gani?"

"Miungu gani hawa! Mtaani kwetu wasingepata hata chumba cha kupanga."

Wakacheka, Jaji kwa kujificha, maana jaji hacheki mahakamani. Na siri yake nyingine ni kwamba kitabu alishakisoma mara mbili, ya pili bila sababu yoyote ya kisheria.

Ghafla akaacha kucheka. Akachukua vibanio vya nguo dirishani. Akabana kurasa zote za watoto kumezwa, akabana safari ya kuzimu. Harusi akaziacha wazi, zote.

"Umbea humweka mtu macho," alisema, "lakini haumpigishi ukunga."

"Mheshimiwa Jaji!" Wakili akapiga saluti na kijiko.

Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo.

"Mmeamua?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya kuomba.

"Penye kibanio hapafunguliwi," alisema Jaji.

"Haki ya Mungu, sifungui."

"Na ukiona paka?"

"Ni paka."

"Haya, chukua."

Kitabu kikapokelewa kwa mikono miwili, kikatiwa kwenye mfuko wa koti la sare, juu kidogo ya rungu na tochi.

"Bibi yenu yuko njiani, anakuja kulala nanyi," alisema mama yao, akiinama kuwabusu wote wawili utosini. "Kuleni, mmalizie na kazi za shule. Mimi nawahi lindo."